Printa Iliyokataa Nusu ya Herufi

Getnet, fundi wa kituo cha redio pale Debre Markos, alikuwa na ugonjwa mmoja: akishatamka kwamba jambo linawezekana, hakuna wa kumrudisha nyuma, hata yeye mwenyewe hajiwezi. Ndivyo alivyojikuta asubuhi ya Ijumaa ile amepiga magoti chini ya meza ya chumba cha habari, bisibisi mdomoni, akimwahidi Tiruwerk kwamba kabla ya taarifa ya saa saba mchana printa itakuwa inasema Kiamhari kama mzaliwa wa Gojjam.

Tiruwerk alikaa kando ya printa, fimbo yake nyeupe ameiegemeza ukutani, shuka jeupe la pamba begani, uso ameuelekeza kule sauti ya Getnet ilikotoka. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, na kila aliyepita mlangoni aliliona akapunguza mwendo.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu, na hata asubuhi ile alikuwa akiinuka kwenda mapokezi kila ilipoita. Mkoa mzima uliijua sauti yake. Wapo waliokuwa wakipiga kuuliza saa, wakijifanya saa zao zimeharibika, ili tu wamsikie akisema "Kituo cha redio, tukusaidie nini?" Alikuwa na digrii ya lugha kutoka chuo kikuu na hakuwa mtu wa kuificha. Alipoomba kazi pale waliisoma digrii yake kwa heshima, kisha wakamwonyesha meza ya simu, kwa sababu haoni. Aliikubali meza huku akiwaambia wazi kwamba alichokuja kutafuta ni kusoma habari. Tangu hapo alishaomba mara nyingi, na kila mara mhariri mkuu, Ato Danyachew, yaani Bwana Danyachew, alimkatalia kwa adabu.

Danyachew hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Zamani kidogo msomaji mmoja aliruka mstari hewani akamtangaza marehemu mzee mmoja aliyekuwa hai, tena ameketi na wajukuu zake akisikiliza redio. Danyachew alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akiongozana na wazee wa usuluhishi na kondoo mnene, na tangu siku hiyo alikuwa akisimama nyuma ya kioo cha studio kila taarifa, nakala mkononi, akifuata neno kwa neno. Sasa habari zenyewe zilikuwa zikiingia kwa simu dakika za mwisho. Kuzitoboa kwa mkono katika nukta nundu, maandishi ya wasioona, tundu baada ya tundu, kungekula asubuhi nzima. Wasikilizaji hawawezi kusubiri, alisema, na mimi siwezi kumwacha mtu asome kwa kukariri.

Hapo ndipo Getnet alipodakia kwamba kuna printa za kuchapa nukta nundu, na kwamba inawezekana.

Chama cha wasioona kule Addis kilikuwa nayo moja nzee, nzito kama jiwe la kusagia, kikakubali kuwaazima, nayo ikafika Alhamisi jioni. Lakini lori la chama lingepita mchana wa Ijumaa likitoka Bahir Dar, na Danyachew aliweka sharti lake: saa saba ikifika Tiruwerk hana karatasi anayoweza kuisoma bila kosa, printa ipande lori, na maneno haya yasirudiwe tena. Tiruwerk alikubali palepale. Getnet ndiye aliyelala vibaya.

Si kwamba hakujiandaa. Miezi mizima, wakati wenzake wakinywa kahawa raundi ya kwanza mpaka ya tatu, yeye na Tiruwerk walikuwa kwenye kompyuta kuukuu ya chumba cha habari, yenye maandishi ya kijani, mmoja akitaja nukta na mwingine akiandika programu. Fidel yetu, yaani alfabeti ya Kiamhari, ina herufi zaidi ya mia mbili. Nukta nundu ina vidoti sita tu. Programu ya Getnet ilichukua kila herufi ya fidel ikaigeuza kuwa alama moja au mbili za vidoti. Ilikuwa kazi safi, kazi ya mtu hodari, na atakayesema vinginevyo hakumwona Getnet akiifanya, kikombe kimepoa mkononi.

Kilichobaki kilikuwa kuzifanya hizo mashine mbili zielewane. Mtu asiyejua hudhani unachomeka waya na kwisha. Sivyo. Kila herufi husafiri kwenye waya ikiwa imekatwa vipande vidogo vya ndiyo na hapana, na mtumaji na mpokeaji sharti wapatane kwanza: tutakwenda kasi gani, kila herufi iwe na vipande vingapi, na tutahakikishaje kwamba hakijapotea kitu njiani. Wasipopatana, mmoja anasema selam na mwenzake anasikia takataka.

Printa ile ilikuwa na tabia moja nzuri. Ukibana kitufe chake huku unaiwasha, ilijichapia yenyewe karatasi ya kueleza inavyotaka kusemeshwa. Ila ilieleza kwa nukta nundu. Kompyuta nayo ilieleza kwa maandishi ya kiooni, haina sauti. Kwa hiyo Getnet hakuweza kuisoma printa, Tiruwerk hakuweza kuisoma kompyuta, na kazi ilibidi ipite midomoni mwao.

Tiruwerk alisoma kwa vidole, akitafsiri kutoka Kiingereza. Kasi, elfu tisa mia sita. Getnet akaiandika. Vipande vya herufi, saba, kisha mstari wa tatu, wa ukaguzi wa njiani. Getnet akasema ndiyo, ndiyo, na mkono wake ukaandika nane.

Hata hakujua kwamba ameandika nane. Tangu ujana wake alikuwa akiunganisha printa za maofisi ya Gojjam nzima, na fundi wa Kiamhari hahitaji kufikiri hapo. Fidel haienei kwenye vipande saba. Ukiweka saba, nusu ya herufi za mababu zinapotea. Ni nane, siku zote, na kidole kinakwenda chenyewe.

Walituma sentensi ya kwanza. Printa ilinguruma, ikagonga karatasi kwa kishindo mpaka vikombe vikacheza mezani, ikasukuma nje mistari mitatu. Tiruwerk aliipitia. Getnet aliutazama uso wake, maana hapakuwa na kingine cha kutazama.

"Sa imefika," alisema. "Halafu pana donge. Donge tena. Halafu ra. Gashe Getnet, kaka yangu, umemtuma mjumbe amelewa."

Alichokiita donge kilikuwa nukta zote sita pamoja, alama isiyokuwa na maana hapo. Getnet aliikagua waya. Akaivua, akaipiga brashi, akairudisha. Madonge. Akapunguza kasi upande huu, na sasa hapakutoka hata ra, ikatoka fujo tupu, akairudisha kasi. Madonge yakarudi yaleyale. Akabadilisha waya nzima. Jua lilikuwa limeshapanda, baridi ya asubuhi imekwisha, na yeye jasho lilikuwa likimtoka kama anabeba magunia. Alijiambia moyoni kwamba amemdanganya mtoto wa watu, amemvalisha gauni la sikukuu kwa ajili ya mashine mbovu, na roho ilimuuma kweli.

Tiruwerk yeye alikuwa hajaziachia karatasi. Alizipanga mapajani, ya kwanza na ya mwisho, akaziendea kwa mikono miwili, mkono huu kwenye karatasi hii na ule kwenye ile. Kisha akamwomba atume alama zote moja moja kwa mpangilio, kila moja mara tano.

"Za nini?"

"Tuma tu, ndugu yangu. Leo wewe ndiye opereta, mimi ndiye ninayepiga simu."

Alituma. Zilipotoka, Tiruwerk alizisoma polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akazisoma tena. Halafu alicheka. Alicheka vile anavyocheka mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake.

"Sikiliza. Herufi inayofika, inafika mara zote tano. Inayokuwa donge, ni donge mara zote tano. Hakuna hata moja iliyofika mara mbili ikakataliwa mara tatu. Mashine yako haiumwi. Ina masharti. Imesimama mlangoni, hizi ingieni, hizi rudini, na ni nusu kwa nusu."

Getnet aliiacha bisibisi. Kwenye kompyuta alianza kuziangalia herufi zilizokataliwa, akizihesabia vile vipande vya ndiyo ndani yake. Yenye vitatu, imekataliwa. Yenye vinne, imeingia. Yenye vitano, imekataliwa. Yenye viwili, imeingia.

"Shufwa," alisema taratibu. "Inataka shufwa. Zenye idadi ya witiri inazikataa."

"Si nilikusomea? Ipo kwenye karatasi, mstari wa tatu. Wa pili ni saba."

"Wa pili ni ngapi?"

"Saba, Gashe Getnet. Vipande saba, na cha nane ni mlinzi wa kuhesabu. Nilisema ukasema ndiyo, ndiyo."

Alitazama kiooni. Pale palikuwa na nane. Kwanza ulimi wake ulitaka kubisha, akaanza kusema kwamba saba haiwezi kutosha fidel, akaishia katikati. Fidel gani? Iliyokuwa ikipita kwenye ile waya haikuwa fidel tena. Yeye mwenyewe alikuwa ameigeuza kuwa vidoti sita, kwa programu aliyoisumbukia miezi, na vidoti sita havina maumbo hata mia. Saba ilitosha na kubaki. Kipande cha nane printa ilikitarajia kiwe mlinzi; kompyuta ilikuwa ikikiacha tupu, na kila herufi iliyohitaji mlinzi ikafika mlangoni peke yake ikarudishwa.

"Tiruye," alisema, akilifupisha jina lake, "nipige kofi."

"Baadaye. Andika saba kwanza."

Aliandika saba, akaandika shufwa, akatuma. Printa iligonga. Tiruwerk alikiweka kidole, kikakimbia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusita popote. Alizidi kusoma hata pale maneno yalipokwisha, akiipapasa karatasi tupu, na Getnet aligeuka akajifanya anakunja waya.

Danyachew aliingia saa sita na nusu na habari za mchana, akazitupa kwenye meza ya mpiga chapa. Zilipokwisha kuandikwa kwenye kompyuta, Getnet alizituma. Kompyuta ikaandika kwamba imemaliza. Printa bado ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza na iliendelea kugonga kwa muda mrefu baadaye. Getnet alilifurahia hilo. Aliona kompyuta yake ina mbio.

Danyachew alisimama na nakala yake, miwani puani. Tiruwerk alisoma kwa majaribio, palepale chumba cha habari.

Ambaye hajawahi kumsikia Tiruwerk akisoma, siwezi kumweleza vizuri. Hakuwa akipanda na kushuka kama wale watangazaji wanaotaka kusifiwa. Alisema habari ya mbolea ukaiona mbolea imeshushwa, akasema bei ya tefu, nafaka yetu ya injera, ukajua jioni mtakula kidogo. Danyachew alifuata kwa kidole ukurasa wote wa kwanza na kidole chake hakikusimama. Ukurasa wa pili ulianza na mkuu wa wilaya jirani, aliyewatembelea wakulima wa mabondeni siku iliyotangulia.

Katikati ya sentensi Tiruwerk alinyamaza. Vidole vyake vilirudi nyuma, vikaenda mbele.

"Hapa pana maneno yameliwa," alisema. "Nikiendelea nitamuua mkuu wa wilaya."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwisho wa habari ya ziara ulikuwa umemezwa pamoja na mwanzo wa habari iliyofuata, tangazo la msiba wa mfanyabiashara wa siku nyingi, na kwenye karatasi ile mkuu wa wilaya aliwatembelea wakulima kisha akafariki dunia nyumbani kwake na kuzikwa kanisani Mtakatifu Marko.

Danyachew aliivua miwani.

"Habari hizi zote mbili ulizipokea wewe kwenye simu asubuhi," alisema. "Unazijua. Ungepita tu, nisingegundua kitu."

"Ni kweli."

"Mbona umesimama?"

"Leo nazijua, Ato Danyachew. Kesho je? Kama nasoma, nisome kilichoandikwa. Kama nakariri, ulikuwa na haki ya kunikatalia."

Pengine mzee alimkumbuka yule kondoo. Alitazama saa ya ukutani, akasema msomaji wa kila siku amekwisha kukaa studio, yuko tayari, na kwamba wao wana muda mpaka saa saba. Akatoka. Hakutaja lori.

Getnet alikuwa ameshaiendea kompyuta. Tiruwerk akamwuliza ilimaliza lini kutuma. Akamwambia: zamani, printa ikiwa ukurasa wa kwanza.

"Basi unaona? Wewe kwenu mgeni mnamlisha vipi? Unamtia tonge la injera mdomoni, bado anatafuna unamtia la pili, la tatu, la nne?"

"Mama mkwe wangu hufanya hivyo."

"Na wewe huishia kulitema nyuma ya mlango. Ndicho inachofanya hii. Mdomo wake mdogo, inagonga taratibu, na mwenzake anashindilia tu. Nimeisikia ukurasa wa pili, imepaliwa."

Getnet alianza kucheka, asimalizie. Aliufungua ukurasa wa mipangilio, pale alipokuwa ameacha patupu kwa sababu printa zake zote za ofisini zilikuwa na vinywa vikubwa, akaiamuru kompyuta iwe inasikiliza. Printa ikijaa itasema ngoja. Ikimeza itasema haya. Alituma upya. Safari hii maandishi ya kiooni yalikwenda yakasimama, yakaenda yakasimama, na mistari ikatoka kwa utaratibu wa watu wawili wanaokula sahani moja wakipendana. Tiruwerk aliusoma ukurasa wa pili ukiwa bado unatoka, kichwa amekiinamisha juu ya mashine, na alipofika kwa mkuu wa wilaya alimkuta mzima, amerudi nyumbani salama.

Dakika zilikuwa zimekwisha. Danyachew alitokea mlangoni. Aliuona mkono wa Tiruwerk juu ya karatasi, akageuka kwenda kumwambia msomaji wa kila siku apishe kiti. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa bado tumboni mwa printa. Tiruwerk alizichukua zilizokuwa tayari, akashika kiwiko cha Getnet mpaka studio, akakaa.

Ilipolia alama ya saa, Getnet alikuwa ameshakimbia kurudi chumba cha habari, ameufunga mlango na kuuwekea koti chini ili kishindo cha printa kisisikike hewani. Alivua viatu, na kila ukurasa ulipotoka aliuchana, akaingia studio na soksi, akauweka chini ya mkono wa kushoto wa Tiruwerk. Mkono wa kulia ulikuwa unamaliza mstari wa mwisho wa karatasi ya juu. Wa kushoto ulikuwa umeshaanza mstari wa kwanza wa karatasi ya chini. Sauti haikujua kwamba pamepita kitu. Getnet alisimama hapo na soksi zake, fundi mzima mwenye ndevu, machozi yakimlengalenga, na wala hakuyaonea haya.

Nyuma ya kioo Danyachew alikuwa na nakala yake. Alimfuata mkuu wa wilaya mpaka mwisho, akamfuata marehemu mpaka kaburini, kila mmoja na lake. Halafu aliikunja nakala akaitia mfukoni. Katika habari zilizobaki alisikiliza tu, kama msikilizaji yeyote nyumbani kwake.

Taarifa haijamalizika, simu ya mapokezi ilianza kuita. Iliita ikanyamaza, ikaita tena, ikaitikiwa na ya pili yake. Katika jengo lile simu haikuwahi kuita zaidi ya mara mbili tangu Tiruwerk aajiriwe, na watu walitoka maofisini wakitazamana. Mwishowe Danyachew mwenyewe alikwenda kwenye meza ile, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kifupi kwake, akabonyeza vitufe viwili visivyokuwa vyenyewe, kisha akapata.

Getnet alimkuta hapo alipomleta Tiruwerk kutoka studio, mkono wake kiwikoni, kurasa amezikumbatia kifuani. Walisimama. Danyachew alikuwa amewapa mgongo. Ilionekana kwamba aliye upande wa pili anauliza ni nani aliyesoma habari leo, na Danyachew akamtajia jina zima, la Tiruwerk na la baba yake. Kisha mtu yule akaomba kuzungumza na mpokea simu wa siku zote, na mzee akakohoa.

"Hapana, hayupo hapa," alisema. "Mpokea simu tunamtafuta mwingine. Huyo utamsikia saa moja jioni."

Nje lori la chama lilipiga honi langoni. Getnet alivaa viatu vyake, akashuka kumwambia dereva aende.